Kabla ya kufungua video, jua kesho unampasua nani

Daktari anayesomea upasuaji hapa Bukavu husoma usiku akitoka zamu, simu mkononi, mega zikihesabika. Ndiyo maana mimi huanza kwa kupita wodini jioni. Mgonjwa wa ngiri ya kinena atakayetangulia kesho, ngiri yake inarudi ndani ukiisukuma, au imenasa? Ni ya kwanza, au iliwahi kushonwa ikarudi? Halafu muulize muuguzi wa chumba cha upasuaji: wavu wa kuzibia ngiri upo? Jibu lake ndilo linalochagua somo. Ukiwepo, tafuta video ya Lichtenstein, njia inayotumia wavu huo. Usipokuwepo, tafuta Shouldice, inayoziba kwa tishu za mgonjwa mwenyewe, ikishonwa tabaka juu ya tabaka. Kuna mwenzangu aliyekesha na upasuaji wa kamera, ule wa matundu madogo. Asubuhi trei ikamletea mkasi, pensi za Kocher na uzi.

Majina nayo yanachanganya. Sisi tumefundishwa kwa Kifaransa, video nyingi ni za Kiingereza: kivutio, chombo cha kushikilia jeraha likae wazi, tunachokiita Farabeuf, kinachofanana nacho Wamarekani wanakiita Army-Navy. Andika majina yote mawili daftarini, usije ukaduwaa.

Majarida yapo. HINARI, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, unafungua maelfu ya majarida ya tiba, na Kongo imo katika nchi ambazo taasisi zake hazilipi. Ila nenosiri hupewa taasisi. Mwone mtunza maktaba mchana, maana saa nne usiku amelala.

Pakua mapema, umeme ungalipo. Mhadhara wa mtu anayeongea mbele ya slaidi unatosha kwa ubora wa 360. Upasuaji wenyewe usiubanie mega: kwenye ngiri kuna neva nyembamba nyeupe inayopita juu ya kamba ya mbegu, ile inayoshuka hadi kwenye korodani, na kwa picha yenye ukungu utaiona kama uzi wowote. Ukiikata au ukiishona, mgonjwa anaweza kubaki na ganzi au maumivu ya kinena kwa miezi.

Idadi ya watazamaji hainishawishi. Nataka kujua aliyeshika kisu ni nani, anafanyia wapi, na damu ilipotoka aliizuiaje. Video inayokatika kila damu inapoanza ni tangazo.

Picha za mgonjwa zisiingie kwenye kundi la WhatsApp bila idhini yake, hata uso ukifichwa. Kovu na chale zinatambulika, na mji huu tunajuana.

Mwisho funika simu. Funga mafundo kwa mkono kwenye mguu wa kiti, kulia kisha kushoto, kisha andika hatua za operesheni kwa kichwa, kuanzia chale ya ngozi hadi kufunga. Kalamu itakwama mahali fulani. Kwangu ilikuwa pale pa kutenganisha kifuko cha ngiri na kamba ya mbegu. Hapo ndipo pa kumuuliza daktari mkubwa, kabla hamjanawa mikono.