Kupima damu ya mgonjwa wa MS: majibu yasiharibikie njiani

Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha maltipo sklerosisi, yaani MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo. Uthibitisho hutokana na uchunguzi wa daktari wa neva, picha ya MRI na mara nyingi maji ya uti wa mgongo. Damu hupimwa ili kuondoa magonjwa yanayofanana nayo, kama upungufu wa vitamini B12, VVU na kaswende, na kufuatilia mabadiliko ambayo watafiti wameyaona kwa baadhi ya wagonjwa: vitamini D iko chini, laktati (asidi inayotolewa na misuli na chembe zikitumia sukari) imepanda kidogo, mafuta ya damu yamebadilika. Haya huwa madogo. Kichupa kilichosubiri saa tatu kliniki Mukono kabla ya boda kukipeleka Kampala kinaweza kubadilika zaidi kuliko mgonjwa mwenyewe.

Kwa glukosi na mafuta, mgonjwa ale mara ya mwisho saa mbili usiku na atolewe damu saa mbili asubuhi. Maji anywe. Chai ya maziwa, hata isiyo na sukari, ni chakula. Kama ana homa, apimwe malaria kwanza, maana malaria peke yake huweza kupandisha laktati na kushusha limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu. Biotini (vitamini ya kundi B) ya dozi kubwa, ambayo wapo waliowahi kuitumia kwa MS, hupotosha baadhi ya vipimo vya homoni, hasa vya tezi ya shingo. Maabara iambiwe, na daktari aseme isimamishwe siku ngapi. Dawa nyingine asiache kwa uamuzi wake.

Wakati wa kutoa damu, kimpira cha mkononi kisizidi dakika moja. Kwa laktati ni bora kisifungwe kabisa, na mgonjwa asikunje ngumi, kwa sababu misuli inayobanwa hutoa laktati papo hapo. Anza na kichupa cha seramu, yaani maji ya damu iliyoganda (chekundu au cha njano), kisha cha zambarau cha hesabu ya chembe, mwisho cha kijivu cha glukosi na laktati. Ukianza na cha zambarau, dawa yake ikagusa kinachofuata, potasiamu itapanda na kalsiamu itashuka bila mgonjwa kuwa na kasoro yoyote. Cha zambarau na cha kijivu vipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10. Visitikiswe: chembe zikipasuka, potasiamu hupanda tena.

Sasa saa inaanza kuhesabu. Chembe hai huendelea kula glukosi ndani ya kichupa. Katika kichupa cha kawaida, kwenye joto la chumba, glukosi hushuka kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Floridi ya kichupa cha kijivu huzuia jambo hilo, lakini huchukua saa moja au mbili kushika sawasawa. Kwa hiyo kiwekwe kwenye barafu mara moja, na cha laktati kizungushwe kwenye sentrifuji (mashine ya kutenganisha chembe na maji ya damu) ndani ya dakika 15. Cha seramu kiachwe dakika 30 kigande, kisha kizungushwe dakika 10. Kama kliniki haina sentrifuji, mpeleke mgonjwa kwenye maabara yenye nayo. Kumsafirisha mtu ni rahisi kuliko kuokoa damu iliyoharibika.

Sukari ina mtego wake. Methylprednisolone ya mshipa, steroidi inayotolewa MS inaposhambulia, kwa kawaida gramu 1 kwa siku kwa siku 3 hadi 5, hupandisha sukari hasa mchana na jioni. Kipimo cha asubuhi, tumbo tupu, kinaweza kuonyesha hali njema kabisa. Pima pia saa mbili baada ya chakula cha mchana.

Kuhusu vitamini D, wengi husema jua la ikweta linatosha. Lakini joto huongeza udhaifu na ukungu wa macho kwa muda kwa watu wengi wenye MS, hivyo wao hukaa ndani. Carbamazepine, inayotolewa kwa maumivu ya uso, nayo hushusha vitamini D. Kiombwe kipimo cha 25-hidroksi vitamini D: chini ya nanogramu 20 kwa mililita, au nanomoli 50 kwa lita, ni upungufu. Vizio hivyo viwili huchanganywa sana. Nanogramu 1 kwa mililita ni sawa na nanomoli 2.5 kwa lita.

Kwenye fomu andika saa ya mlo wa mwisho, saa ya kutoa damu, dawa zote na dozi zake. Kipimo cha kurudia kifanyike maabara ileile.