Namna ya Kulipima Jina la «Tankie» Kabla ya Kumbandika Mtu

Katika vikao vya kujisomea siasa hapa Nairobi, iwe ni Mathare, Kayole au katikati ya jiji, ni nadra mjadala ukolee bila komredi mmoja kumwita mwenzake «tankie». Jina hili, linalotokana na neno la Kiingereza «tank», yaani kifaru, humtaja mkomunisti anayetetea dola inayotumia mabavu ya kijeshi dhidi ya watu. Limetufikia kupitia mitandao ya kijamii, na sehemu kubwa ya historia yake ikadondoka njiani, hata wengi wanaolitumia leo hulichukulia kuwa tusi la kumrushia yeyote aliye kushoto kuliko wao. Mwongozo huu unamhusu anayeandika makala za siasa, anayeendesha mijadala, na anayeitwa jina hilo akakosa la kujibu. Msimamo wangu ni kwamba «tankie» ni shtaka, na anayemshtaki mwenzake ana wajibu wa kutaja kosa alilolitenda.

Anza kwa kulijua kosa lenyewe. Tarehe 23 Oktoba 1956 wanafunzi na wafanyakazi wa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, waliingia barabarani kudai mageuzi, na ndani ya siku chache serikali mpya ya Imre Nagy, mkomunisti wa miaka mingi, ikakubali mfumo wa vyama vingi na kutangaza kujitoa katika Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Umoja wa Kisovieti. Alfajiri ya tarehe 4 Novemba vifaru vya Umoja wa Kisovieti viliingia mjini kuyazima hayo yote. Wahungaria wapatao 2,500 walipoteza maisha, wengine wapatao 200,000 wakaikimbia nchi, na Nagy mwenyewe akanyongwa mwezi wa Juni 1958. Jambo ambalo halipaswi kusahauliwa na mtu yeyote wa mrengo wa kushoto ni kwamba viwanda vya Budapest wakati huo vilikuwa mikononi mwa mabaraza ya wafanyakazi, na kwamba mabaraza hayo yaliendelea kugoma kwa wiki kadhaa baada ya vifaru kuuteka mji. Aliyeviunga mkono vifaru aliviunga mkono dhidi ya wafanyakazi wa viwandani, wale wale ambao chama chake kilidai kuwatetea.

Uongozi wa Chama cha Kikomunisti cha Uingereza uliviunga mkono. Gazeti la chama, Daily Worker, lilikuwa limempeleka Hungaria mwandishi wake Peter Fryer, ambaye kabla hata hajafika Budapest alijionea katika mji wa Magyaróvár miili ya raia waliopigwa risasi na polisi wa usalama. Taarifa zake zilikatwakatwa na nyingine zikazuiwa kabisa, akajiuzulu kazi, kisha chama kikamfukuza. Maelfu ya wanachama walirudisha kadi zao, wakiwemo wanahistoria waliokuwa fahari ya chama hicho. Miaka kumi na miwili baadaye, usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Agosti 1968, majeshi ya Mkataba wa Warsaw yaliivamia Chekoslovakia, na safari hii uongozi wa chama hicho ulipinga. Kundi la wachache halikukubaliana na upinzani huo, na mmoja wa viongozi wake, Sid French, hatimaye alijitenga mwaka 1977 na kuunda chama kingine. Ni katika ugomvi huu wa ndani, uliodumu hadi miaka ya 1980, ndipo lakabu ya vifaru iliposhika, na kufikia mwaka 1985 magazeti ya Uingereza yalikuwa yakiitumia, huku yakiihusisha pia na wale waliotetea jeshi la Kisovieti kuingia Afghanistan mwaka 1979.

Angalia basi nani alikuwa anamwita nani. Waliolitamka jina hili kwanza walikuwa wakomunisti, na waliotamkiwa walikuwa wanachama wenzao wa chama kimoja, wenye kadi moja na waliowahi kuuza gazeti moja mlangoni pa viwanda. Hawakuwa wakibishana kama ubepari ni mbaya, kwa kuwa hilo walikubaliana. Walibishana kama dola inayojiita ya wafanyakazi inaruhusiwa kuwapiga risasi wafanyakazi. Kwa sababu hiyo, mtu anayelitumia jina hili kumtusi kila mkomunisti, au kila anayezungumzia ubepari kwa ukali, anawatusi pia akina Fryer, ambao walilipa gharama kubwa kwa kukataa kunyamaza.

Hatua inayofuata wengi huiruka, nayo ni kuutazama mwaka 1956 kutoka hapa tulipo. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, siku mbili tu kabla ya maandamano ya Budapest, na akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Wakati serikali ya Uingereza ilipokuwa ikiililia Hungaria, ilikuwa imewafungia maelfu ya Wakenya katika kambi kama Manyani, na mwanzoni mwa Novemba ndege zake zilikuwa zikiipiga Misri kwa mabomu kwa ajili ya Mfereji wa Suez. Mtu aliyeyaona hayo yote kwa pamoja alikuwa na sababu nzito ya kutoziamini huruma za London, na baadhi ya waliotetea vifaru walisukumwa na hasira hiyo. Ninaitaja kwa sababu msomaji wa Nairobi ataikuta tena na tena, hata leo, ndani ya hoja za vijana wanaotetea dola yoyote inayogombana na Marekani. Hasira hiyo ni halali. Kosa huanza pale inapotumiwa kumnyima Mhungaria haki ile ile tunayomdaia Kimathi.

Baada ya kuyajua hayo, jipe utaratibu wa kuuliza kabla ya kulitamka jina: mtu huyu ametetea kitendo gani cha mabavu, kilitendwa na dola gani, na kiliwapata akina nani? Usipoweza kujibu yote matatu, liache. Katika kikao kimoja nilichokiongoza karibu na Barabara ya Juja, kijana mmoja aliisifu China kwa kujenga barabara ya juu itokayo Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27 zilizofunguliwa mwaka 2022, na kabla hajamaliza akadakiwa kwamba yeye ni tankie. Nilimwomba aliyedakia ataje watu waliopigwa katika sentensi aliyoisikia, akakosa wa kumtaja, kwa kuwa kusifu barabara si kutetea ukandamizaji. Ni hoja ya uchumi inayojibiwa kwa kuzungumzia deni na ada ya kupita. Lakini dakika chache baadaye kijana yule yule akasema kwamba waandamanaji wa Beijing waliouawa usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Juni 1989 walistahili yaliyowapata. Hapo kitendo kilikuwepo, dola ilikuwepo, waliouawa walikuwepo, na jina lilimfaa kwa maana yake halisi. Hata hivyo nilimtaka kwanza aeleze kwa nini risasi za Beijing ni halali na zile zilizopigwa vijana wa Nairobi mwezi wa Juni 2024 ni haramu, na swali hilo lilimkalia vibaya kuliko lakabu yoyote.

Sisi tunayo sababu yetu wenyewe ya kuwa waangalifu na majina ya namna hii. Katika miaka ya kwanza ya uhuru, neno «mkomunisti» lilitumiwa na waliokuwa madarakani dhidi ya wenzao waliodai ardhi kwa wasio nayo. Bildad Kaggia alipoteza unaibu waziri mwaka 1964 kwa kulishikilia suala hilo la ardhi, na akabandikwa neno hilo. Pio Gama Pinto, mbunge mjamaa, alipigwa risasi akiwa ndani ya gari mbele ya nyumba yake Westlands tarehe 24 Februari 1965, binti yake mdogo akiwa kiti cha nyuma. Jaramogi Oginga Odinga alisukumwa nje ya serikali mwaka 1966, na chama chake cha KPU kikapigwa marufuku mwaka 1969. Mwaka 1982 neno «Umaksi» lilitosha kuwatoa wahadhiri darasani na kuwatia kizuizini. Katika visa hivi vyote hakuna aliyelazimika kuonyesha kwamba mshtakiwa aliwahi kutetea kifaru chochote mahali popote, kwani jina peke yake lilimaliza kazi. «Tankie» linapotumiwa bila kutaja kitendo linaanza kufanya kazi hiyo hiyo, hata kama anayelitumia anajiona mtetezi wa uhuru.

Ukiwa unaandika, liweke jina ndani ya alama za kunukuu pale linapotokea mara ya kwanza, eleza kwa sentensi moja kwamba lilitokana na vifaru vya Kisovieti, na utaje nani amelitumia dhidi ya nani. Usimwite mtu wa mwaka 1956 «tankie» kana kwamba wenzake walimwita hivyo siku ile. Andika kwamba aliunga mkono uvamizi wa Hungaria, maana hiyo ni habari kamili na haibishaniwi. Vivyo hivyo kwa watu walio hai: «alitetea matumizi ya jeshi dhidi ya waandamanaji» humpa msomaji kitu cha kupima, na aliyeandikwa hupata pa kujibia.

Ukiitwa wewe, usianze kwa kujitetea tabia wala kurudisha tusi. Uliza ni kauli yako ipi inayohusika. Ikiwa ulitetea kitendo cha mabavu, kitetee mbele ya watu kwa hoja au ukiondoe. Ikiwa hukukitetea, sema wazi unasimama wapi kuhusu Budapest, Praha (mji mkuu wa Chekoslovakia) na Beijing, kisha urejee kwenye mada iliyokuwa mezani. Na ukiwa mwenyekiti wa kikao, usilipige jina marufuku, kwa sababu makosa linayoyataja yalitokea kweli. Mpe aliyelitamka dakika mbili za kutaja kitendo, dola na waathiriwa. Akishindwa, liondolewe kwenye kumbukumbu za kikao na aliyekatizwa arudishiwe nafasi yake ya kusema.