Kuunga umeme wa feni ya jikoni: kazi iko kwenye maungio

Feni ya kutolea moshi jikoni ina kazi ngumu: mvuke, mafuta, joto na mtikisiko wa mota, kila siku. Mimi ni fundi umeme, na nikiitwa kuangalia feni "iliyoungua", mara nyingi mota naikuta nzima. Kilichoungua ni maungio.

Kabla ya kugusa chochote, zima breka ya mstari wa umeme unaolisha feni, si swichi ya ukutani peke yake. Testa ijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme, kisha pima nyaya za feni, halafu rudi tena kwenye soketi ile ile. Testa mbovu itakuambia kila waya hauna umeme. Kama sheria za ulipo zinataka fundi mwenye leseni, mwite.

Kwa rangi zinazotumika nchi nyingi, kahawia ni waya wa moto, buluu ni nyutro (waya wa kurudisha umeme), kijani chenye mstari wa njano ni athi (waya wa usalama unaokwenda ardhini). Nyumba za zamani zina rangi nyingine, kwa hiyo pima, usikisie. Swichi lazima ikate waya wa moto. Ikikata nyutro, feni itasimama kweli, lakini ndani umeme bado upo, na atakayeukuta ni yule anayepanda kufuta mafuta.

Feni ya wati 200 kwenye volti 230 haifikishi hata ampea 1. Fyuzi ya ampea 3 inatosha. Usiweke ya 13 kwa sababu tu ndiyo iliyo mkononi.

Sasa maungio, na hapa naomba usiwe na haraka. Chuna ganda la waya kwa urefu unaoingia wote kwenye konekta, yaani kiungio cha nyaya chenye skrubu: shaba isichungulie nje, wala skrubu isibane ganda badala ya shaba. Nyuzi zikiwa nyingi, zisokote ziingie zote. Kaza, kisha vuta waya mmoja mmoja kwa mkono. Unaosogea, fungua uanze upya. Kebo nayo ibanwe pale inapoingia kwenye kasha, ili mtikisiko usifike kwenye skrubu. Kusokota nyaya na kuzizungushia tepu sikubali kabisa: joto hulainisha gundi, mafuta humaliza kazi. Funika kasha, na kebo isipite juu ya moto wa jiko.

Feni yenye alama ya mraba ndani ya mraba haihitaji athi. Waya wa athi uliopo kwenye kebo usiukate. Ufunge kwenye konekta yake peke yake. Bodi ya chuma isiyo na alama hiyo lazima iungwe athi.

Mota ya kasi kadhaa ina waya kwa kila kasi, na swichi yake ipeleke umeme kwa mmoja tu kwa wakati.

Washa kasi ya juu kwa robo saa. Zima breka, pima tena, fungua kasha uguse konekta. Ikiwa na joto kuliko nyaya zake, rudia kukaza kabla ya kufunga.