Kazi moja kubwa, tarehe tatu

Walimu wenzangu, kama mmezoea kutoa kazi ya muhula yenye tarehe moja tu ya kukusanya, ikateni vipande. Kila kipande kiwe na tarehe yake, na anayechelewa akatwe alama, hata kidogo.

Kwa hesabu za kawaida, mwanafunzi angefaidika zaidi na uhuru: tarehe iwe mbali, ajipangie mwenyewe. Lakini binadamu hayuko hivyo. Mwaka 2002 watafiti Dan Ariely na Klaus Wertenbroch walichapisha jaribio lililofanyika kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha MIT, Marekani. Darasa moja lilipangiwa tarehe za insha tatu kwa nafasi sawa. Jingine lilijichagulia, na kila siku ya kuchelewa ilikatwa asilimia 1. Kinachonivutia ni kwamba wengi waliojichagulia hawakurundika zote siku ya mwisho. Walijifunga wenyewe kwa tarehe za mapema, maana wanajijua! Ila hawakujifunga vizuri vya kutosha, na waliopangiwa na mwalimu ndio waliopata alama za juu.

Kwa hiyo: mada wiki ya 3, rasimu wiki ya 7, kazi kamili wiki ya 11. Rasimu usiisahihishe yote (nani ana muda huo na darasa la watu 80?), tiki na sentensi moja inatosha.

Unayejisomea bila mwalimu, mpe rafiki tarehe zako. Ukichelewa, chai na vitumbua juu yako.