Karatasi ya altrasaundi imesema ini lina mafuta: mambo ya kuzingatia kabla ya kumuona daktari

Mara nyingi jambo hili hugundulika kwa bahati. Mtu amekwenda kupimwa tumbo kwa sababu ya vichomi chini ya mbavu, au ameshukiwa kuwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo, au ni kipimo cha mwili mzima kilicholipiwa na mwajiri. Majibu yanatoka: figo ziko sawa, bandama iko sawa, halafu mistari ya mwisho inasema ini lina mafuta, daraja la kwanza au la pili. Anaambiwa "si mbaya sana, punguza mafuta", anachukua bahasha yake, na wiki hiyohiyo ameanza kuulizia dawa ya kusafisha ini.

Kabla ya dawa yoyote kuna jambo moja la kulielewa vizuri. Miongoni mwa watu wenye mafuta kwenye ini, kinachoongoza kwa kuua ni magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, si ini lenyewe. Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko zima kuhusu uhusiano huu mwaka 2022. Mwaka mmoja kabla ya hapo ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 36 zenye watu zaidi ya milioni 5, ukaonyesha kuwa wenye ini la mafuta walikuwa na hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa iliyo juu kwa takriban asilimia 45, na hatari hiyo ilizidi kupanda kadiri ini lilivyokuwa na makovu. Kwa hiyo miadi yako, hata kama umeandikiwa ini, iandae kama miadi ya moyo.

Inakuwaje kiungo cha tumboni kiumize kifua? Ini ndilo linaloshughulikia sukari na mafuta ya mwili mzima. Mwili unapoanza kutoitikia insulini, hasa kwa mwenye kitambi, mafuta huvuja kutoka kwenye akiba yake na kuingia kwenye ini, na ini nalo hugeuza sukari ya ziada, hasa ya soda na juisi, kuwa mafuta mengine. Yakionekana katika zaidi ya asilimia 5 ya seli zake, hali hiyo tayari si ya kawaida. Ini lililojaa husukuma ziada hiyo kwenye damu ikiwa trigliseridi, yaani mafuta yanayosafiri ndani ya damu. Kolesteroli nzuri hushuka, na ile mbaya huwa chembe ndogondogo zinazopenya kirahisi kwenye kuta za mishipa. Ini hilohilo huendelea kumwaga sukari usiku ukiwa umelala, ndiyo maana wengine hushangaa sukari ya asubuhi iko juu ilhali hawajatia kitu mdomoni tangu jana. Hutoa pia kemikali za uvimbe na protini zinazofanya damu igande upesi. Mishipa ya moyo hupokea yote hayo kwa miaka bila kuuma popote. Uhusiano umeonekana pia na mapigo ya moyo kwenda ovyo, na moyo kushindwa kusukuma damu ipasavyo.

Sasa isome karatasi yako vizuri. Daraja la kwanza, la pili au la tatu linaeleza wingi wa mafuta jinsi ulivyoonekana kwenye picha. Halisemi kama ini lina makovu, na makovu ndiyo yanayotabiri mengi kuhusu kesho yako. Mtu wa daraja la kwanza anaweza kuwa na makovu, na wa daraja la tatu asiwe nayo. Tena usitulizwe na ALT na AST, vile vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu, kuwa za kawaida, kwa kuwa wengi wenye mafuta kwenye ini wana vipimo hivyo safi kabisa. Wembamba nao si kinga, hasa kwa mtu mwenye mikono na miguu myembamba ambaye tumbo limetangulia mbele.

Tangu mwaka 2023 wataalamu wa ini duniani waliubadili jina ugonjwa huu. Zamani ulitambulishwa kwa kusema tu kwamba hautokani na pombe; sasa jina lake linataja hitilafu ya mwili katika kutumia sukari na mafuta. Badiliko hilo lina manufaa kwako, kwa sababu limekuja na vigezo vitano ambavyo karibu vyote ni vya moyo, na kimoja tu kinatosha. Kiuno zaidi ya sentimita 94 kwa mwanaume au 80 kwa mwanamke, au uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa 25 na kuendelea. Sukari ya kufunga kuanzia 5.6 mmol/L, au ile ya wastani wa miezi mitatu (HbA1c) kuanzia asilimia 5.7. Presha kuanzia 130 kwa 85. Trigliseridi kuanzia 1.7 mmol/L. Kolesteroli nzuri (HDL) isiyozidi 1.0 mmol/L kwa mwanaume au 1.3 kwa mwanamke. Anayetumia dawa ya presha au ya kisukari anahesabiwa kuwa nacho kigezo hicho hata kama namba zake zimeshuka. Andika namba hizi kwenye daftari, na pembeni yake andika zako. Palipo wazi ndipo penye kipimo cha kuomba.

Viwili kati ya hivyo unaweza kuja navyo kutoka nyumbani. Kiuno kipime kwa futi ya fundi cherehani, umesimama, umetoa pumzi kama kawaida, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Wanaume wengi hupima pale mkanda wa suruali unapokaa, chini ya kitambi, na hapo namba hudanganya. Presha nayo ipime kwa siku kadhaa kabla ya miadi, asubuhi na jioni. Nenda haja ndogo kwanza, usinywe chai wala kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa, kaa dakika tano umeegemea kiti na miguu iko chini, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, mkanda wa mashine ufungwe kwenye mkono mtupu, si juu ya shati. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, na uandike zote mbili hata kama moja haikupendezi. Presha iliyopimwa mtu akiwa ametoka kushuka kwenye bodaboda na kupanda ngazi haimsaidii daktari kuamua chochote.

Vipimo vya damu uliza mapema kama unatakiwa uende umefunga. Ukiambiwa ndiyo, maji unaruhusiwa, chai yenye sukari hapana. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi asifunge kabla ya kuuliza afanyeje na dawa ya asubuhi hiyo, maana sukari kushuka ghafla ni hatari ya papo hapo. Kama unatumia bima, ulizia pia ni vipimo gani inalipia, usije ukafika dirishani ukarudi.

Mwombe daktari alinganishe umri wako, AST, ALT na chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Kuna hesabu iitwayo FIB-4 inayotumia vitu hivyo vinne tu, na hata zahanati yenye maabara ya kawaida inaimudu. Umri unazidishwa kwa AST, kisha jibu linagawanywa kwa chembe sahani zilizozidishwa kwa kipeuo cha pili cha ALT. Tuseme mtu ana miaka 48, AST 36, ALT 49 na chembe sahani 240. Juu ni 1,728, chini ni 240 mara 7, yaani 1,680, na jibu ni 1.03. Chini ya 1.3, makovu makubwa hayatarajiwi. Juu ya 2.67 hatari ni kubwa, na katikati yake kunahitaji kipimo cha ugumu wa ini. Aliyevuka miaka 65 hutumia kiwango cha chini cha 2.0 badala ya 1.3. Naipenda hesabu hii kwa sababu haimdai mgonjwa hela ya ziada kama damu imeshapimwa, na bado watu wengi wanarudi nyumbani bila kufanyiwa.

Katika nchi zetu kipimo cha homa ya ini aina ya B kisiachwe. Virusi hivyo ni vya kawaida Afrika Mashariki, na mtu anaweza kuwa navyo pamoja na mafuta. Kama umekulia kando ya Ziwa Victoria au sehemu nyingine yenye kichocho, mweleze daktari, kwa sababu kichocho cha tumbo nacho huacha makovu kwenye ini.

Kisha orodhesha dawa zako zote, au beba pakiti zenyewe kwenye mfuko. Prednisoloni, tamoksifeni, methotreksati, valproeti na amiodaroni zinaweza kuleta mafuta kwenye ini au kuyaongeza. Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Kazi ya orodha ni kumfanya daktari ajue. Orodhesha na za miti shamba, na unga wa kuchanganya na maji ya moto, na vidonge vya kupunguza mwili ulivyouziwa na rafiki. Hakuna haja ya kuona aibu. Baadhi ya mitishamba na dondoo za majani ya chai zilizokolezwa zimewahi kuumiza ini vibaya, na dawa ya "kusafisha ini" haiondoi mafuta yaliyomo ndani ya seli.

Na hapa ndipo ninapopata wasiwasi kuliko pengine popote. Mtu anatumia atorvastatini au dawa nyingine ya kushusha kolesteroli, anasikia ini lina mafuta, anakwenda nyumbani na kuacha dawa "ili ini lipumzike". Ameacha kile kinacholinda moyo wake. Kwa mwenye ini lenye mafuta dawa hizo ni salama. Wanaohitaji tahadhari ya pekee ni wale ambao ini limeshashindwa kazi, tumbo limejaa maji au macho yamekuwa ya njano. Kama hujawahi kuandikiwa, uliza kama unastahili. Majedwali ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, ambayo hukadiria hatari ya moyo kwa wenye miaka 40 hadi 74, yanaangalia umri, jinsia, sigara, presha, kisukari na kolesteroli. Ini halimo. Daktari asipoambiwa habari za ini, hatari yako inaweza kuonekana ndogo kuliko ilivyo.

Kuhusu pombe, sema kweli. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi. Mwanamke anayevuka gramu 140 kwa wiki, yaani chupa saba, au mwanaume anayevuka 210, kama chupa kumi hivi, ugonjwa wake huhesabiwa kuwa pombe imechangia. Namba hizo si ruhusa. Ini ambalo tayari lina mafuta linaumizwa na kiasi kidogo zaidi, na mwenye makovu aache kabisa. Sigara nayo haina kiasi cha kujadili.

Chakula kiandike kwa siku tatu jinsi kilivyo, ikiwemo Jumapili. Watu huandika ugali na mboga, wakasahau vya kunywa. Soda ya mililita 500 hubeba kiasi cha gramu 50 za sukari, zaidi ya vijiko kumi vya chai, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri tukae chini ya gramu 25 kwa siku ikiwezekana. Ongeza vikombe vitatu vya chai ya maziwa vyenye vijiko vitatu kila kimoja, na juisi ya miwa pale stendi. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kumnyang'anya mtu nazi kwenye mchuzi wake. Wa pwani wanaozoea kahawa chungu waendelee nayo: tafiti nyingi zimeona wanywaji kahawa wana makovu machache ya ini. Kashata ndiyo ya kupunguza.

Uzito uandike siku ya kwanza. Kupungua asilimia 5 hupunguza mafuta ya ini, asilimia 7 hadi 10 hutuliza uvimbe, na kuanzia 10 hata makovu huweza kurudi nyuma. Kwa mtu wa kilo 90 hizo ni kilo 4.5, 6.3 na 9. Usizikimbize kwa kushinda njaa, kwa sababu kupungua kwa kasi huleta mawe kwenye nyongo. Dakika 150 za kutembea kwa kasi kila wiki humfaa moyo hata mizani isipocheza, lakini anayebanwa kifua akipanda mlima apimwe moyo kwanza. Utasikia pia habari za dawa mpya: Marekani iliidhinisha resmetiromu mwezi Machi 2024 na semaglutidi mwezi Agosti 2025, zote kwa ini lenye uvimbe na makovu ya kati hadi makubwa ambalo halijasinyaa. Si za kila mwenye karatasi ya daraja la kwanza.

Kuna dalili ambazo hazisubiri miadi: kifua kubana au kulemewa, maumivu yanayokwenda mkono, shingo au taya, jasho jembamba, pumzi kukata, uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito. Kwa wanawake na wenye kisukari shambulio la moyo linaweza kuja kama kichefuchefu na uchovu mkubwa tu. Wenzako wa nyumbani wajue hili, na ijulikane mapema ni gari la nani litakalotumika usiku na hospitali ipi ina huduma ya dharura.

Kabla hujatoka chumbani kwa daktari, tarehe ziandikwe kwenye kadi: presha itaangaliwa lini, kolesteroli itarudiwa lini baada ya kuanza dawa, FIB-4 itahesabiwa tena lini. Mwenye kisukari ambaye namba yake iko chini hurudia baada ya mwaka 1 hadi 2, na asiye na kisukari wala vigezo vingi anaweza kungoja 2 hadi 3.