Makosa hayapungui hata ukiongeza nguvu? Kagua osileta
Redio yako ya OFDM (inayogawa data kwenye vibebezi vidogo, yaani mawimbi mengi ya masafa jirani) ikiendelea kukosea biti hata ukiongeza nguvu, na kikuza mawimbi hakijazidiwa, shuku osileta (saketi inayotengeneza wimbi la redio) kabla ya kupanda mnarani. Kelele yake ya fezi (mtikisiko wa pembe ya wimbi) huweka sakafu ya makosa ambayo nguvu haiivunji. Kwenye mchoro wa ishara iliyopokelewa, tazama nukta za 64-QAM (mpangilio wa nukta 64, kila nukta ikiwakilisha kundi la biti) kabla ya masahihisho ya piloti, yaani ishara ambazo mpokeaji anazijua tayari. Ndani ya alama moja (kipande kimoja cha muda cha ishara ya OFDM), zikizunguka zote kwa pembe ileile, usihofu: piloti hurekebisha. Zikitawanyika kama mawingu ya duara, vibebezi vidogo vinaingiliana, na hapo piloti pekee hazitoshi. Weka osileta safi zaidi, au panua nafasi kati ya vibebezi. Ndiyo maana 5G ya mawimbi ya milimita hutumia sana nafasi ya kHz 120, wakati LTE (4G) ilitosheka na 15. Kushuka hadi QPSK (mpangilio wa nukta nne tu) kunasaidia, ila kasi inaumia.