Kusoma hemogramu ili kuiwahi sepsisi

Mgonjwa akifika kliniki hapa Nairobi na dalili za maambukizi, huku anapumua mara 22 au zaidi kwa dakika, namba ya juu ya presha imeshuka hadi 100 au chini, au ameanza kuchanganyikiwa, agiza hemogramu kamili, yaani hesabu ya seli za damu, papo hapo. Andika kwenye fomu kwamba unashuku sepsisi, yaani mwili kujidhuru unapopambana na maambukizi. Bila neno hilo, maabara huenda ikarudisha namba za mashine tu, slaidi isitazamwe.

Jaza chupa ya kifuniko cha zambarau hadi kwenye alama, kisha uipindue taratibu mara 8 hadi 10. Ukisahau kuipindua, damu huganda na pleteleti, chembe za kugandisha damu, husomeka chache kuliko zilivyo. Slaidi itandazwe kabla ya saa 2 kupita: damu ikikawia kwenye EDTA, kemikali ya chupani inayozuia kuganda, neutrofili (aina ya seli nyeupe) huota vitundu vinavyofanana na vya maambukizi.

Seli nyeupe zikizidi bilioni 12 kwa lita, au zikiwa chini ya 4, shuku. Lakini huku kwetu kuna mtego. Waafrika wengi wana neutrofili chache tangu kuzaliwa, wakiwa wazima kabisa, kwa sababu ya jeni ya Duffy. Kwa hiyo ulizia matokeo ya zamani, hata karatasi iliyokunjwa mkobani. Aliyezoea seli nyeupe 3.5 akisoma 9, amepanda zaidi ya mara mbili na mashine haitaonya lolote. Uliza pia kama ametumia deksamethasoni, maana hupandisha neutrofili bila maambukizi.

Slaidi ndiyo tunayoiamini zaidi. Hesabu seli nyeupe 100. Neutrofili changa, zenye kiini kilichopinda kama U bila kugawanyika, zikizidi 10, uboho umelazimika kutoa zisizokomaa. Tafuta ndani yake chembechembe nzito za rangi iliyokolea na madoa ya samawati hafifu pembezoni.

Pleteleti chini ya bilioni 150 kwa lita ni onyo, chini ya 100 ni onyo kali. Aliyetoka Kisumu au Kilifi karibuni apimwe malaria pia, kwani nayo huzishusha. Ikipatikana, bado sepsisi haijaondolewa.

Mashine kama DxH 900 ya Beckman Coulter hupima pia jinsi monosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, zinavyotofautiana ukubwa. Kwa mtu mzima, kipimo hicho kikizidi 20 kwenye chupa ya K2-EDTA, au 21.5 kwenye ya K3-EDTA (aina mbili za EDTA), kinatia shaka, mradi damu ipimwe ndani ya saa 2.

Majibu mabaya yapigiwe simu wodini. Damu ya kuotesha vijidudu maabara, seti mbili, itolewe kabla ya antibiotiki, ila isizicheleweshe: mwenye mshtuko azipate ndani ya saa 1.